Yuniti Zilizobaki

Nesi Ndeshi kanifunga saa mkononi,
mkanda wa mpira, mweusi, mali ya kliniki.
"Itahesabu hatua zako," kasema,
"na mara nne kwa siku itakuuliza
sasa hivi una nguvu kiasi gani.
Moja hadi saba. Usifikiri sana. Bonyeza."

Mimi ni mchomea vyuma wa Keko.
Nusu ya mageti ya Chang'ombe yamepita mikononi humu.
Jina langu Kizito,
na mwaka huu jina limeniangukia.

Saa mbili asubuhi, mkono unatetemeka.
Moja.
Ndoo iko mlangoni, tupu, tangu juzi.
Bomba liko uani, hatua kumi na tisa,
nimezipima kwa macho nikiwa nimelala.
Lakini kwanza kuna kukaa kitako.
Kabla ya kukaa kuna kutoa mguu kwenye shuka.
Kabla ya mguu kuna kutaka.
Hapo kwenye kutaka
ndipo waya ulipokatika.

Shemeji alisema uvivu.
Mjumbe akasema nimetupiwa kitu.
Daktari kasema sonona,
neno laini, ungedhani jina la binti wa mtu.
Mimi nasema: sikiliza mita ya LUKU
yuniti zikikaribia kwisha,
ile pi, pi, pi ya ukutani usiku kucha,
nyumba nzima inasikia
na kila mpangaji anangoja mwenzake anunue.

Siku ya tano nikamdanganya Nesi.
Nilimwita Nyamizi, mtoto wa chumba cha pili,
miaka saba, kutembea hajui, anajua kukimbia tu.
Nikamfunga saa juu ya kiwiko,
maana kifundo chake ni chembamba kama ufagio.
"Kacheze."

Akaenda. Rede, kamba, kombolela,
dukani kwa Mangi mara tatu:
chumvi, kibiriti, chenji iliyosahaulika.
Jioni akarudi na hatua elfu kumi na nne
na vumbi hadi kwenye nyusi.
Saa ikauliza akiwa mlangoni pangu,
naye, asiyejua kuwa swali si lake,
akabonyeza saba. Akabonyeza tena.
"Anko, mbona hakuna nane?"

Nilicheka.
Si sana. Kama umeme unaporudi ukiwa mdogo,
mashine ikatoa cheche moja, ikanyamaza.
Kisha akasema ana kiu.
Ndoo ile ile, tupu.
Na mtoto wa watu huwezi kumwambia
subiri hadi nitakapotaka.

Shuka. Mguu. Nikakaa kitako.
Sikutaka. Naomba hilo liandikwe:
sikutaka, na nilisimama.
Ya saba nilishika kamba ya kuanikia nguo.
Ya kumi na mbili, ukuta.
Mama Nyamizi aliacha kupepeta mchele,
akanitazama, akaendelea kupepeta.
Mungu amlipe kwa kutosema kitu.
Nilirudi na nusu ndoo,
nyingine nimeinywesha kandambili.

Mtoto akanywa kikombe kizima bila kupumua,
akanirudishia saa, akaikaza tundu la mwisho
kama fundi anayekabidhi kazi,
akaondoka mbio.

Nilikuwa bado nimeegemea mlango,
jasho mgongoni, pumzi fupi,
saa ilipotetemeka tena.
Kidole kikaenda kwenye moja, kwa mazoea.
Kikakaa hapo.
Kikasogea.
Mbili.

Nikaketi nayo kizingitini, hiyo mbili yangu,
hadi mbu wakaanza.
Kesho sijui. Kesho yaweza kuwa moja,
au ndoo ikalala tena tupu.
Alhamisi nitamwambia Nesi Ndeshi ukweli:
zile elfu kumi na nne ni za Nyamizi.
Thelathini na nane,
ambazo saa haikuziona,
ni zangu.